Mkono Utetemekao: Chakula Chetu na Ugonjwa wa Parkinson

Katika msikiti mmoja wa hapa mjini Mpanda alikuwapo, na Alhamdulillahi yupo hata leo, mzee wetu mmoja ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyetuadhinia. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa mwenyewe hakupenda litajwe. Lakini ametupa ruhusa, tena kwa msisitizo, kuziandika khabari zake. Mzee huyu alikuwa na sauti iliyosikika kutoka Majengo hata Kashaulili, wakati vipaza sauti vilipokuwa bado vichache. Tena alikuwa mwandishi wa watu: hati za wasia, barua za posa, maombi ya viwanja, yote yalipita katika kalamu yake, na herufi zake zilikuwa kubwa na zimenyooka kama miti iliyopandwa kwa kamba.

Mwaka mmoja tuliona kidole gumba cha mkono wake wa kulia kikizunguka juu ya kidole cha shahada, polepole, bila kukoma, hata alipokuwa ameketi kimya baada ya Sala. Sote tulidhani anavuta tasbihi. Vijana wakaambiana: "Mtazameni Babu, hata tasbihi yake akiisahau nyumbani, kidole chake hakisahau." Nasi tulilipenda neno hilo, tukalitumia katika darsa zetu kuwahimiza watoto. Kumbe haikuwa tasbihi.

Baadaye herufi zake zikaanza kupungua ukubwa. Mstari ulianza vizuri, ukaishia katika nukta ndogo ndogo kama mchanga. Sauti ikadidimia. Uso ukakakamaa hata wajukuu wakasema Babu amekasirika, naye hana hasira yoyote. Mkewe aliteta kwamba akifukiza udi, mumewe humwuliza kwa nini leo hukufukiza. Miguu ikawa inakokota, na aliposimama kutoka katika sijida ilimbidi ashikwe.

Maneno ya watu nayo yakaanza. Wengine walisema amerogwa kwa ajili ya kiwanja. Wengine walisema ni jini. Wenye busara kidogo walisema ni uzee tu. Na sisi je, tunaoitwa Maalim na kuulizwa mambo na watu? Tulimsomea, jambo ambalo halina lawama. Kisha tukampa chupa ya mafuta ya habasoda, tukawaambia watoto wake wasubiri, mafuta yatafanya kazi. Wakasubiri mwaka na nusu kwa sababu ya neno letu. Twaliandika jambo hili hapa kwa kuwa ni haki yao.

Mwishowe binti yake mkubwa, aliyechoka kusubiri, alimpandisha baba yake gari moshi mpaka Tabora, na kutoka Tabora mpaka Mwanza. Huko tabibu mmoja alimwambia afungue na kufumba vidole, atembee hatua kumi na kurudi, kisha aandike sentensi moja. Hakupima damu wala hakupiga picha. Alipoitazama ile karatasi, akasema: "Huu ni ugonjwa wa Parkinson." Akampa vidonge.

Waliporudi, mjukuu wa mzee, msichana wa kidato cha tatu, alitusimamisha baada ya darsa ya Magharibi akasema: "Maalim, kama ugonjwa huu si wa kurogwa, basi una sababu zake. Je, kuna chakula cha kuuzuia, ili usimfikie baba wala sisi?" Hatukuwa na jibu. Elimu yetu ya dunia iliishia katika shule ya msingi. Kwa hiyo tumewauliza matabibu, na tumesomewa na kufasiriwa na vijana waliosoma, mpaka tukapata yanayotosha kumjibu. Jibu hilo ndilo tunalowaletea wasomaji wetu.

Kwanza yafaa tujue ugonjwa wenyewe. Kutetemeka kwa viungo si jambo geni kwa wanazuoni wa tiba. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alikueleza katika Al-Qanun, akakuita ra'sha. Lakini ugonjwa huu kama unavyojulikana sasa uliandikwa na tabibu wa London, James Parkinson, mwaka 1817, katika kijitabu alichoeleza watu sita tu, na baadhi yao aliwaona njiani wakipita.

Ndani ya ubongo, chini katikati, imo sehemu ndogo yenye rangi nyeusi. Chembe zake hutengeneza kitu kiitwacho dopamini. Dopamini ni kama tarishi achukuaye amri za mwendo: inua mguu, nyoosha mkono, tabasamu. Chembe hizo zikifa, tarishi hupungua, na amri hufika kwa kuchelewa au hazifiki. Ndiyo maana mgonjwa huwa mzito, hukakamaa, na mkono wake hutetemeka khasa ukiwa umetulia. La ajabu ni kwamba dalili za mwendo hazionekani mpaka sehemu kubwa ya chembe hizo imekwisha kufa. Kabla ya hapo, pengine kwa miaka mingi, mtu huweza kupoteza uwezo wa kunusa, kufunga choo, na kupiga mateke na kelele usingizini akiota. Mzee wetu alikuwa na yote matatu, na hakuna aliyeyahesabu.

Je, ugonjwa huu upo kweli kwetu Afrika, au ni wa Wazungu? Swali hili limejibiwa hapa hapa Tanzania. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, matabibu wa Kitanzania pamoja na wa Uingereza, miongoni mwao Richard Walker na Catherine Dotchin, walitafuta wagonjwa nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu 161,071. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Walipata wagonjwa 33. Mtu aweza kusema ni wachache. Lakini neno zito ni hili, kwamba wengi wao walikuwa hawajapata kuambiwa na tabibu yeyote jina la ugonjwa wao, wala kumeza kidonge hata kimoja. Wachunguzi wengine waliofika huko baadaye waliwasikia watu wakiuita ugonjwa wa kutetemeka, wengine wakiuhesabu kuwa uzee, na wengine uchawi. Hai ina barabara nzuri na hospitali kubwa ya KCMC iko karibu. Basi wasomaji na wapime wenyewe hali itakuwaje katika vijiji vya Mpimbwe, Inyonga au Karema.

Nasi wa mikoa ya magharibi tuna sababu nyingine ya kulijua jambo hili. Katika nchi zetu hizi vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, kwa wekundu wa macho tu. Mtu ambaye uso wake hautabasamu, mkono wake hutikisika wenyewe, na usiku hupiga kelele za ndoto, yumo katika khatari isiyotoka kwa ugonjwa peke yake.

Waislamu wa umri wetu watamkumbuka Muhammad Ali, bingwa wa ngumi, aliyefika Dar es Salaam mwaka 1980 akiwa mjumbe wa serikali ya Marekani. Miaka minne baadaye matabibu walimwambia kwamba ana maradhi haya, akaishi nayo mpaka alipofariki mwaka 2016. Mwaka 1996 aliwasha mwenge wa Olimpiki mjini Atlanta, mkono mmoja ukitetemeka mbele ya dunia nzima, wala hakuuficha.

Sasa tuje katika chakula.

Jambo lililochunguzwa kuliko yote ni kahawa. Katika visiwa vya Hawaii walifuatiliwa wanaume 8,004 wenye asili ya Kijapani kwa muda wa miaka 30. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2000, yalionyesha kwamba wale wasiokunywa kahawa kabisa walipatwa na Parkinson kiasi cha mara tano kuliko wale walioinywa kwa wingi kabisa. Chunguzi nyingine katika nchi nyingine zikaonyesha mwelekeo huo huo, na chai pia imeonekana hivyo. Kinachotuhumiwa kwa wema huu ni kafeini, kile kiondoacho usingizi. Tulipolisoma hili barazani baada ya Isha, muuza kahawa aliweka chini birika lake akasema leo bei imepanda. Na ikumbukwe kuwa kahawa ilienezwa na watu wetu wa Yemen, waliokuwa wakiinywa ili wakeshe katika ibada.

Jambo la pili litawashangaza wasomaji, na kama tungeweza kulificha tungelificha. Ila elimu haifichwi. Wavutaji wa tumbaku hupatwa na Parkinson kwa uchache kuliko wasiovuta. Madaktari wanaume wa Uingereza wapatao 30,000 walianza kufuatiliwa mwaka 1951, na hesabu iliyotolewa mwaka 2020 ilionyesha kuwa waliokuwa wakivuta walikuwa na upungufu wa kama asilimia 30. Hapa Katavi, ambapo tumbaku hulimwa Katumba, Mishamo na kwingineko, twajua fika kuwa yupo atakayelichukua neno hili na kulitembeza sokoni. Basi na alichukue pamoja na mwenziwe: uchunguzi huo huo wa madaktari ndio uliosaidia kuthibitisha kuwa sigara huleta saratani ya mapafu, na kwamba nusu ya wavutaji wa kudumu, au zaidi, huuawa na tumbaku. Mtu gani atachoma nyumba yake ili panya asiingie? Tena wagonjwa wa Parkinson walipobandikwa nikotini mwilini kwa mwaka mzima, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2023, ugonjwa wao haukupunguza mwendo hata kidogo.

Kutokana na khabari ya tumbaku wakazuka wachunguzi wa Seattle, Marekani, wakafikiri hivi: mimea ya jamaa ya tumbaku iliyo chakula, kama nyanya na pilipili, nayo ina nikotini kidogo sana. Je, yafaa? Mwaka 2013 walitoa khabari za wagonjwa 490 na watu wazima 644 wa kulinganisha, wakasema walaji wa pilipili, ikiwamo hoho, walionekana kupatwa kwa uchache zaidi. Ni khabari ya kupendeza, na hoho haina madhara. Ila uchunguzi mmoja haujengi nyumba.

Kisha kuna rangi za matunda. Ule wekundu mzito na uzambarau uliomo katika matunda madogo ya porini ya Ulaya na Marekani umo pia katika zambarau zetu na katika choya tunayoichemsha kuwa kinywaji. Wanaume wa Marekani waliokula kwa wingi vyakula vyenye rangi za namna hiyo pamoja na dada zake, kama chai, tufaha na machungwa, walionekana mwaka 2012 kuwa na khatari pungufu kwa kama asilimia 40. Na kule Kanada, mwaka 2021, wagonjwa walioulizwa juu ya chakula chao walionekana hivi: waliokula majani mabichi, maharage, karanga za aina mbalimbali, samaki na mafuta ya zeituni walianza kuugua wakiwa wamekula umri zaidi, na kwa wanawake tofauti ilifika kama miaka 17.

Ukitazama chakula hicho cha Kanada utaona kwamba, tukiyatoa mafuta ya zeituni, si mbali na mboga za bibi zetu: kisamvu cha karanga, matembele, mlenda, maharage, migebuka na dagaa kutoka Ikola na Karema. Chakula hiki ndicho vijana wetu wanachokikimbia, wakafuata chipsi na soda. Chai yenyewe tunainywa na sukari vijiko vinne. Kisukari kimeonekana kuwa miongoni mwa maradhi yanayoongeza uwezekano wa kupatwa na Parkinson. Basi faida ya jani la chai, kama ipo, huzama katika sukari hiyo.

Wafugaji wataudhika kidogo, kwa kuwa chunguzi kadhaa zimeona wanywaji wa maziwa mengi wakipatwa zaidi kwa kiasi kidogo. Sababu haijulikani, na hatumshauri mtu kumnyima mtoto maziwa kwa jambo hilo.

Msomaji aliyefika hapa atasema: Basi Maalim, tupe kahawa, hoho na zambarau, mambo yamekwisha. Laiti yangekuwa hivyo. Vyura hulia mvua ikikaribia, lakini hakuna mkulima aliyepata mvua kwa kumliza chura. Mambo mawili kwenda pamoja si dalili kwamba moja limeleta jingine. Huenda mtu ambaye dopamini yake imeanza kupungua, miaka mingi kabla ya kutetemeka, hupoteza hamu ya kahawa na sigara, na kwa hivyo ugonjwa ndio uliomwepusha na kahawa, si kahawa iliyomwepusha na ugonjwa. Ili kuujua ukweli hapana budi watu wagawanywe kwa kura, nusu wapewe kitu chenyewe na nusu wapewe kisicho kitu, wala wasijue nani kapewa nini.

Na hayo yamefanywa, tena kwa gharama kubwa. Vitamini E walipewa wagonjwa katika uchunguzi wa watu 800 huko Marekani na Kanada. Mwaka 1993 ikatangazwa kuwa haikusaidia. Kiini kiitwacho Q10, ambacho mwili hukitumia katika kutengeneza nguvu, kilijaribiwa kwa watu 600. Mwaka 2014 ikaonekana hakuna faida. Kreatini, ambayo vijana wa mazoezi huijua, ilijaribiwa kwa watu 1,741. Mwaka 2015 ikaanguka. Kafeini yenyewe walipewa wagonjwa 121 au wakapewa kisicho kafeini, na mwaka 2017 ikasemwa kuwa mwendo wao haukuboreka.

Khabari ya kusikitisha zaidi ni ile ya asidi ya yuriki. Hii ni takataka ya mwilini ambayo ikizidi huleta jongo, maumivu makali ya kidole gumba cha mguu. Ilionekana mara nyingi kwamba watu wenye asidi hiyo kwa wingi hupatwa na Parkinson kwa uchache, na kwamba walio nayo wakiugua huenda polepole. Katika maabara nayo ililinda chembe. Kila kitu kiliashiria kheri. Basi wagonjwa 298 wakagawanywa, wengine wakapewa dawa ya kuipandisha asidi hiyo. Ikapanda kama ilivyokusudiwa. Lakini ugonjwa haukusimama, na walioipata dawa waliongezekewa na mawe ya figo. Matokeo yalitolewa mwaka 2021.

Je, maana yake chakula hakifai? Hapana. Majaribio haya yalifanywa kwa watu ambao chembe zao nyingi zilikuwa zimekwisha kufa, na huenda kinachozuia moto usiwake hakiuzimi uliokwisha kuwaka. Lakini neno huenda ndilo kikomo chetu. Anayewauzia ndugu zetu chupa ya vidonge vya kulinda ubongo kwa bei ya gunia la mpunga amekiuka kikomo hicho, hata akiwa na ndevu na kanzu.

Na habasoda? Hatukanushi fadhila zake zilizopokewa katika Hadithi, wala haitupasi. Wataalamu wamekijaribu kiini chake kwa panya na kuona dalili njema. Lakini Mtume wetu (s.a.w.) alituhimiza kutafuta tiba, wala hakutuhimiza kuiacha tiba moja kwa kuipenda nyingine. Kosa letu halikuwa kumpa mzee mafuta. Kosa letu lilikuwa neno subirini.

Kuna jambo jingine liingialo mwilini pamoja na chakula, nalo ni sumu za shambani. Mwaka 2011 uchunguzi wa wakulima na wanyunyiziaji wa dawa huko Marekani ulionyesha kuwa waliotumia paraquat au rotenone walipatwa na Parkinson kiasi cha mara mbili na nusu kuliko wasiozitumia. Wakulima wetu hunyunyizia wakiwa kifua wazi, upepo ukiwarudishia usoni, kisha dumu la dawa huoshwa likatekewa maji ya kunywa. Mama asimamishe dumu hilo lisiingie nyumbani mwake, kabla hajatafuta zambarau.

Tumeiacha kwa makusudi khabari iliyo karibu nasi kuliko zote. Hakuna mtoto wa Katavi asiyeujua upupu. Mti wake hutambaa juu ya miti mingine katika mapori yetu ya miombo, na maganda yake yana vinyweleo vya rangi ya dhahabu ambavyo vikigusa ngozi mtu hujikuna mpaka alie. Tulipokuwa wanafunzi wa chuo, mmoja wetu aliuweka juu ya jamvi la Maalim. Na bakora tulizopata siku ile twazikumbuka hata leo, ingawa mkosaji alikuwa mmoja. Basi ndani ya ganda hilo, katika mbegu zake, imo levodopa, kitu kile kile kilichomo katika vidonge vya mzee wetu.

Historia ya jambo hili yapendeza. Mwaka 1913 Marcus Guggenheim, mtaalamu wa kampuni moja ya dawa nchini Uswisi, aliitoa levodopa katika maharage mapana, yale ambayo Waarabu huyaita ful na kuyala asubuhi Misri na Sudani. Hakujua ina kazi gani. Mwaka 1937 wataalamu wa Kihindi waliiona katika mbegu za upupu, mmea ambao tiba za kale za Bara Hindi ziliutumia kwa muda mrefu. Mwaka 1960, mjini Vienna, Oleh Hornykiewicz na mwenziwe waligundua kuwa bongo za waliokufa na Parkinson zimepungukiwa na dopamini. Dopamini yenyewe haiwezi kuvuka kuingia katika ubongo, ila levodopa huvuka, na ikiisha kuvuka hugeuka kuwa dopamini. Mwaka 1961 wagonjwa wa kwanza walidungwa, na watu waliokuwa hawawezi kuinuka wakainuka. Mwaka 1967 George Cotzias, huko New York, alionyesha kuwa inaweza kumezwa kila siku kwa kuongezwa kidogo kidogo. Mpaka leo haijapatikana dawa iliyoipita.

Je, upupu wenyewe unaweza kutumika pale ambapo vidonge havipatikani? Nchini Bolivia unga wa mbegu zilizokaangwa walipewa wagonjwa 18, na katika matokeo ya mwaka 2017 dozi moja ilifanya kazi vizuri kama vidonge. Lakini wagonjwa 14 walipoutumia kila siku kwa wiki kadhaa, saba kati yao waliuacha, kwa kichefuchefu na taabu za tumbo au kwa sababu mwendo wao ulizidi kuwa mbaya. Vidonge vina kiini cha pili, karbidopa, kinachoilinda levodopa isipotee njiani na kumtapisha mgonjwa. Upupu hauna kinga hiyo. Tena mbegu za mti huu na za mti ule hazina kipimo kimoja. Kwa hiyo asiingie mtu porini na kisu akarudi na mfuko akamkaangie baba yake. Kadhalika ful: katika nchi zetu za malaria wako wengi ambao damu yao ya kuzaliwa haiyavumilii maharage hayo, na wakiyala damu huvunjika. Neno hili la upupu twaliandika ili ijulikane kwamba dawa hii haikutoka kusikojulikana, na kwamba wataalamu wetu wana kazi ya kufanya katika misitu yetu wenyewe.

Chakula kina jambo moja la hakika kwa aliyekwisha kuugua, nalo binti wa mzee alifundishwa kule Mwanza. Levodopa na nyama hugombea mlango mmoja wa kuingia mwilini. Mgonjwa akimeza kidonge pamoja na nyama, samaki, mayai au maharage, kidonge husukumwa nyuma, na mtu hukaa amekakamaa akidhani dawa imechina. Kimezwe kwa maji, kiasi cha nusu saa kabla ya chakula, au saa moja baada yake. Choo nacho kikifunga dawa huchelewa. Hapo mboga za majani, mapapai na maji ya kutosha hufanya kazi ambayo hakuna anayeibishia.

Na kwa kuwa kidonge kina saa zake, Ramadhani huja na mtihani. Wako wagonjwa wacha Mungu ambao huacha dawa mchana wote ili wafunge. Kuikatisha levodopa ghafula ni khatari kubwa; mwili huweza kukakamaa wote, homa ikapanda, na mtu akafa. Mgonjwa amepewa rukhsa katika Qur'ani yenyewe, na ambaye hatarajiwi kupona, wanazuoni wamebainisha fidia ya kumlisha maskini kwa kila siku. Mzee wetu alikataa neno hili tulipomwambia sisi. Ilibidi tumwendee na sheikh anayemheshimu, wakakaa wawili faraghani tangu Alasiri mpaka Magharibi. Mwaka ule alitoa fidia ya unga wa mahindi, akaupeleka mwenyewe, akitembea.

Kupona hakupona, kwa kuwa vidonge havifufui chembe zilizokufa, na matabibu wametuambia kwamba miaka ijayo dozi itahitaji kubadilishwa. Anakunywa kahawa yake barazani kama zamani, kwa kuwa anaipenda. Mjukuu wake amepanda hoho nyuma ya nyumba. Juma lililopita mzee alituletea karatasi aliyoiandika saa moja baada ya kidonge, ombi la kiwanja la jirani yake. Herufi ni ndogo, lakini zasomeka. Adhana ya Adhuhuri tumemrudishia. Ya Alfajiri huadhini mwanafunzi wake, kwa sababu saa hizo kidonge cha kwanza hakijaanza kazi.